WATU NA NCHI YAO: Mwalimu Mukirane na Neno Lililokosekana

Anayesafiri kwa gari kutoka Kasese kwenda Bwera hushika njia ya kusini hadi Kikorongo, kisha hugeuka magharibi kuelekea mpaka wa Mpondwe. Upande wa kulia wa njia yote hiyo ipo Milima ya Rwenzori. Tambarare ni ya joto na vumbi. Juu kabisa kuna theluji. Kati ya hayo mawili, kwenye miteremko ya kahawa na mihogo, ndiko wanakoishi Wakonzo, na ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo, wako ndugu zao Wanande ambao lugha yao ni karibu ile ile.

Isaya Mukirane alikuwa mmoja wa watu wa milima hiyo. Kwa kazi alikuwa mwalimu wa shule. Hakuwa mwanasheria, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya siasa ilikuwa shauri moja la sheria, nalo lilihusu maneno machache tu katika katiba.

Mkataba wa mwaka 1900 baina ya Waingereza na Toro uliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya Mukama wa Toro, wenyewe wasiulizwe. Machifu wakaja kutoka Fort Portal, na pamoja nao kodi. Baadhi ya Wakonzo walipigana, na mwaka 1921 viongozi wao watatu, Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya, walinyongwa. Majina hayo bado yanatajwa milimani kama yanavyotajwa majina ya mababu. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mali ilitoka katika ardhi yao, lakini shule zilikuwa haba kwao na vyeo vilikuwa vya wengine.

Mukirane hakuanza na mkuki. Katika miaka ya 1950 alianzisha chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo. Wanachama walizunguka vijijini wakiwauliza wazee habari za koo, mipaka na vita vya zamani, kisha wakaandika. Mwaka 1954 mwandishi wa habari Mwingereza, Tom Stacey, alitembea milimani na Mukirane akiwa mwenzi na mkalimani wake. Chama cha historia kinaweza kuonekana jambo dogo. Lakini watu walioambiwa kwa miaka hamsini kwamba wao ni sehemu tu ya kabila jingine, wakikusanya habari zao katika daftari, wamekwisha kuanza siasa, hata kama hawajalitamka neno hilo.

Kutoka hapo Mukirane aliingia katika Rukurato, yaani baraza la Toro. Uganda ilipokaribia uhuru, baraza lilipaswa kukubaliana juu ya katiba mpya ya ufalme huo. Wajumbe wa Wakonzo na Waamba waliomba katiba itamke kwamba Toro ni nchi ya makabila matatu, Watoro, Wakonzo na Waamba, na kwamba yote yana haki sawa. Ombi hilo lisingegharimu hazina hata senti moja. Likakataliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1962 wajumbe hao walitoka barazani, na sasa wakadai wilaya yao wenyewe.

Viongozi watatu, Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walikamatwa na kushtakiwa. Mukirane alipopewa dhamana hakurudi mahakamani, alipanda mlima. Tarehe 30 Juni 1962, zaidi ya miezi mitatu kabla ya uhuru wa Uganda, ilitangazwa nchi ya Rwenzururu, na mwaka uliofuata mwalimu akawa mfalme.

Hapa ndipo njia za wenzake na yake zilipoachana. Kawamara na Mupalya walitaka wilaya ndani ya Uganda. Mukirane alitaka kujitenga kabisa, na hakukubali kushuka hata hatua moja. Tume ya Daktari Sembeguya, iliyoundwa na Serikali mwaka 1962, ilikiri kwamba malalamiko yalikuwa ya kweli, lakini haikupendekeza wilaya mpya. Mwaka 1963 hali ya hatari ilitangazwa. Stacey aliombwa na Waziri Mkuu Obote arudi kumshawishi rafiki yake wa zamani, hakufaulu. Uthabiti wa Mukirane ulikuwa wa ajabu, nao uligharimu maisha ya watu ambao huenda wangeridhika na kile kidogo walichokiomba wenzake. Polisi na askari waliotumwa kupanda miteremko ile, ambako ukungu hushuka mchana na njia ni za mbuzi, walikwenda kuzima moto uliowashwa na kalamu ya baraza. Wanakijiji walikimbilia juu zaidi na watoto migongoni, wakaziacha nyumba na mashamba.

Huko juu Mukirane alijaribu kuendesha serikali, pamoja na mawaziri, kodi na shule. Alifariki tarehe 2 Septemba 1966. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, alikuwa bado kijana mdogo alipokabidhiwa kiti.

Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin, ilipogawa upya mikoa na wilaya, ilizitenga sehemu hizo na Toro na kuunda wilaya mbili, ambazo baadaye ziliitwa Kasese na Bundibugyo. Wilaya iliyoombwa barazani mwaka 1962 ikawa imepatikana kwa amri, bila mjadala, miaka minane baada ya mwombaji kuzikwa. Mumbere na watu wake waliendelea kukaa milimani hadi mwezi wa Agosti 1982, walipopatana na serikali ya Obote, wakashuka na silaha zao na kuzikabidhi.