Picha Nisiyoionesha



Katika simu yangu imo picha ya makinda wawili wa njiwa. Ni picha nzuri. Mwanga wa asubuhi umeingia kwa ubavuni, manyoya yao membamba ya manjano yanaonekana moja moja, na nyuma yao, kwa mbali, kuna shamba la alizeti lililochanua. Niliipiga mwezi wa Machi hapa Ikungi, katika mgunga ulio nyuma ya nyumba yetu. Siku ile niliituma katika kundi la ukoo, wakaisifu ndugu wa Singida mjini, wa Dodoma na wa Dar es Salaam. Leo siioneshi kwa mtu, na kisa chake ndicho kilichonisukuma kuandika safu ya juma hili.

Kiota kilikuwa katikati ya miiba, majani yamekifunika vyema. Kila nilipoelekeza simu niliona kivuli kitupu. Basi nikachukua panga, nikakata matawi mawili, mwanga ukaingia, nami nikapata nilichokitaka. Sikufikiri kwamba nilikuwa nimeezua paa la nyumba isiyo yangu. Mchana jua likawapiga makinda, na kiota kilichokuwa siri sasa kilionekana hata na mwewe aliyekuwa akizunguka juu. Njiwa mama alikuja, akauzunguka mti mara mbili tatu, akaenda zake. Jioni binti yangu wa miaka tisa alitoka madrasa, akaenda kuwatazama kama alivyozoea, akarudi na kuniuliza, "Baba, mama yao kaenda wapi?" Sikuwa na jibu. Asubuhi yake kiota kilikuwa kitupu.

Ndugu msomaji, ipo Hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (Allah amridhie). Wakiwa safarini pamoja na Mtume (rehema za Allah na amani zimshukie), Maswahaba walimwona ndege mdogo mwenye makinda wawili, wakawachukua makinda wale. Ndege akaja akipigapiga mbawa. Mtume alipoona hali ile aliuliza ni nani aliyemtia uchungu ndege yule kwa sababu ya watoto wake, akaamuru warejeshwe. Nilikuwa nimeisoma Hadithi hii mara nyingi, na hata kuwasimulia watoto. Nilipaswa kuikumbuka kabla sijanyanyua panga.

Najua wapo watakaosema kwamba kosa lilianzia kwenye picha yenyewe. Suala hilo wanazuoni wamelijadili kwa zaidi ya karne moja, na si kazi ya safu hii kulihukumu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, akiiona kuwa ni kuzuia kivuli cha kitu ambacho Allah amekwisha kukiumba, mfano wa sura iliyo kwenye kioo. Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia alikuwa na msimamo mkali zaidi, akiiruhusu pale penye dharura, kama vile vitambulisho. Kila familia na imuulize mwanachuoni inayemwamini. Ila sisi tunaopiga picha, na siku hizi ni karibu kila mwenye simu, hatuwezi kukwepa swali la pili: tunapiga kwa adabu gani?

Qur'ani imejaa mwito wa kutazama. Katika Suratul Ghashiya tunaitwa tumtazame ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Katika Suratul Mulk tunaelekezwa kwa ndege walio juu yetu, wakikunjua mbawa na kuzikunja. Waislamu waliotangulia waliuchukua mwito huo kwa uzito. Ibnul Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo karne ya 11, alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, na alichunguza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuchora sura ndani ya chumba chenye giza. Kamera iliyo katika simu ya kijana wako inafanya kazi kwa msingi huo huo. Basi chombo hiki si kigeni kwetu. Kilicho kigeni ni haraka tuliyonayo sisi tunaokitumia.

Baada ya kisa cha njiwa, nyumbani kwetu tuliweka utaratibu. Tulichagua mbuyu mmoja ulio kando ya njia iendayo shambani, tukakubaliana kwamba kila Ijumaa asubuhi tutausimamia mahali pale pale, tutautazama mpaka kila mmoja awe ameona jambo moja la kusimulia, na baada ya hapo tutapiga picha moja tu. Mwaka umetimia sasa. Sikutarajia kwamba mti mmoja ungetufundisha mengi kiasi hicho.

Wakazi wa Ikungi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Katika picha za Aprili mbuyu wetu una majani tele na alizeti zimeuzunguka. Hapo watoto walijifunza kwamba ua la alizeti likiwa changa hulifuata jua, lakini likikomaa hutulia likielekea mashariki. Basi anayetaka kulipiga picha usoni na asimame upande wa mashariki asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake. Mwezi wa Juni upepo wa baridi unavuma, uwele na mtama vimekwisha kuvunwa, na majani yameanza kupukutika. Agosti mbuyu ni mtupu kama mti uliong'olewa na kupandwa kichwa chini, na vumbi limeipaka picha yote rangi ya udongo.

Lakini ni katika utupu huo tulipowaona wenyeji wake. Ndani ya tundu la shina wanaishi kasuku wadogo wa kijani, wenye kichwa cheusi, mdomo mwekundu na kola ya manjano shingoni. Asili ya kasuku hawa ni Tanzania, hasa nyanda hizi za kati na kaskazini, na duniani kote wanajulikana kwa kufugwa katika vizimba. Wengi walikamatwa wakasafirishwa, mpaka serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Nilimweleza binti yangu kwamba picha, ikipigwa kwa adabu, ni njia ya kumchukua ndege na kumwacha alipo. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Na tukisogea atatoka." Tukabaki pale pale tulipokuwa, na picha ile ina kichwa kimoja kidogo tu mlangoni mwa tundu.

Mwishoni mwa kiangazi mbuyu ukatoa maua. Ua la mbuyu hufunguka magharibi, jeupe, likining'inia, na popo huja usiku kulinywa na kulichavusha. Siku ya pili limenyauka na kuanguka. Tuliswali Magharibi chini yake, tukatandika mkeka, tukangoja. Kijana wangu mkubwa alitaka kuwasha taa ya simu. Mama yake akamzuia, akamwambia popo naye ana riziki yake usiku ule. Kwa hiyo ua lile hatuna picha yake, na mpaka leo ndilo watoto wanalolisimulia kuliko yote tuliyoyapiga.

Novemba korongo wakapita juu, wale wanaozifuata mvua kutoka kaskazini, na siku chache baadaye matone ya kwanza yakaanguka. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume alipopatwa na mvua alifunua sehemu ya nguo yake ili imguse, kwa kuwa imetoka kwa Mola wake punde tu. Ijumaa ile picha yetu ilitoka na ukungu, kwa sababu mpigaji alikuwa ameinua uso juu badala ya kutazama kioo. Nimeihifadhi hivyo hivyo.

Adabu hii haiishii kwa ndege. Kwa binadamu ni nzito zaidi. Bibi wa watoto wangu alikuwa akipepeta uwele uani, na mjukuu akamnyemelea na simu. Bibi akatua ungo, akasema, "Mjukuu wangu, umeniomba?" Mtoto akaomba. Bibi akafikiri, akajibu, "Mikono chukua. Sura niachie." Picha ya mikono ile, na makapi yakipeperuka, ni miongoni mwa picha ninazozipenda mno. Ni mara ngapi tunaona picha za dada zetu wakiwa ndani ya harusi ya wanawake, bila sitara, zikizagaa katika simu za watu wasiowajua? Aliyezipiga hakukusudia uovu. Alisahau tu kuuliza, kama mimi nilivyosahau.

Picha ina uzito, na Afrika Mashariki tuna ushahidi wa hilo. Mohamed Amin, Muislamu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanza kazi yake Dar es Salaam, alipiga picha za wanyama wa mbuga zetu, alichapisha kitabu cha picha za safari ya Hija, na Oktoba 1984 alirekodi njaa ya Ethiopia pale Korem. Picha zile ziliuamsha ulimwengu, na misaada ikamiminika. Picha ya mtu mwenye dhiki yaweza kumwokoa, na yaweza kumdhalilisha. Tofauti iko katika nia na heshima ya aliyeshika kamera.

Likizo inakaribia. Wapo watakaowapeleka watoto maziwa ya Singidani na Kindai kuwaona heroe, na wapo watakaobaki nyumbani na kuku na mbuzi wao. Kote huko kuna cha kutazama. Nawaomba wazazi wenzangu tuwafundishe watoto mambo matatu: watazame kabla ya kupiga, wasimsogelee kiumbe kiasi cha kumwondoa alipo wala wasiguse makazi yake, na wasichukue sura ya mtu bila idhini yake.

Binti yangu aliniuliza juzi kwa nini sijaifuta ile picha ya njiwa. Nilimjibu kwamba naihifadhi ili nikiinua simu tena niikumbuke. Mgunga umechipua pale nilipoukata, na mwezi huu njiwa amejenga humo. Sijui kama ana mayai. Hatujasogea kutazama.

Allah atujaalie macho yanayozingatia na mikono isiyodhuru. Wabillahi tawfiq.