Senti ya Mrithi Ina Mwenyewe

Zama hizi hesabu za nyumba nyingi zimehamia katika kompyuta na simu. Mtu huingiza mapato, madeni na mafungu ya warithi, na kufumba na kufumbua jawabu liko mbele yake. Hilo hatulipingi. Tunalokumbusha ni kuwa uharaka wa jawabu si dalili ya usahihi wake.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, na baada ya gharama za maziko, madeni na wasia zimebaki shilingi 100,000,000. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki, mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja. Programu ikiyageuza mafungu hayo kuwa asilimia zenye nafasi mbili tu za desimali, itaandika 12.50, 58.33 na 29.17. Jumla ni 100 kamili, na msimamizi ataridhika. Lakini mtoto wa kiume amepewa shilingi 58,330,000, ilhali haki yake ni 58,333,333 na senti 33. Shilingi 3,333 zake zimekwenda kwa dada yake, wala hapana aliyeiba.

Atakayesema hicho ni kidogo, na aitazame Vancouver, Kanada. Januari 1982 soko la hisa la mji huo lilianzisha fahirisi ya bei kwa kiwango cha 1,000. Kila ilipokokotolewa upya, maelfu ya mara kwa siku, kompyuta ilikata tarakimu zilizozidi nafasi tatu za desimali. Kufikia Novemba 1983 ilionyesha takriban 524. Iliposahihishwa, ilikuwa zaidi ya 1,098.

Wanavyuoni wa faraidhi waliijua dawa kabla ya kompyuta. Walitafuta asili ya masala, wakaisahihisha mpaka kila mrithi apate mafungu kamili. Katika mfano wetu asili ni 8, nayo husahihishwa kuwa 24: mke 3, mtoto wa kiume 14, wa kike 7. Mali huzidishwa kwanza kwa mafungu ya mrithi, ndipo igawanywe kwa 24. Na kukadiria kuwe mara moja tu, mwishoni. Senti itakayosalia itajwe wazi, warithi waridhiane nani aichukue.

Basi tunawausia watengenezaji wa programu wahifadhi fedha kwa senti nzima, na wasimamizi wa mirathi wahakiki kwa kalamu na karatasi. Amana ni amana, iwe ndogo au kubwa, na kompyuta haitaulizwa kwa niaba yetu. Wabillahi tawfiq.