Nyumba za mabondeni: Afisa wa afya yu wapi?

Mvua ya masika inapokaribia, wakazi wengi wa Nairobi hukumbuka mwavuli, viatu vya mpira na msongamano wa magari barabarani. Ni wachache sana wanaokumbuka choo. Ilhali, msomaji, mtaa unapofurika, maji yanayoingia sebuleni mwako huwa yamepitia kwanza katika vyoo na mitaro ya majirani wote wanaoishi upande wa juu. Ndiyo maana leo nimeona nizungumzie katika ukurasa huu wa afya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi na mawakili, yaani kibali cha kujenga nyumba mahali ambapo maji hufurika.

Huenda ukauliza: kibali cha ujenzi kina uhusiano gani na daktari? Jibu langu ni kwamba mengi ya maradhi yanayotupeleka kliniki baada ya mvua kubwa huwa yaliamuliwa miaka mingi kabla, siku ile ramani ya nyumba ilipopitishwa, au siku mwenye ploti alipoamua kujenga bila ramani yoyote.

Tuanze na yanayotokea ndani ya ua. Nyumba nyingi za kupanga jijini zina tangi la maji lililochimbiwa ardhini, kwa sababu maji ya mfereji huja kwa mgao. Mfuniko wa tangi hilo mara nyingi uko sawa na ardhi, hatua chache kutoka shimo la maji taka. Maji ya mafuriko yakifika hapo hayabishi hodi. Kesho yake pampu huyavuta hadi tangi la juu ya paa, na mpangaji wa orofa ya nne, ambaye hakulowa hata kidole, hufungua mfereji na kujaza birika. Baadaye akiambiwa hospitalini kwamba ana homa ya matumbo, atawalaumu wauza chakula wa kando ya barabara.

Mabomba nayo yana hila yake. Bomba likiwa limejaa, nguvu ya maji husukuma kwenda nje kupitia nyufa. Maji yakikatwa, kama tulivyozoea, bomba tupu lililolala ndani ya tope hufyonza uchafu kupitia nyufa zizo hizo. Ukiona maji ya kwanza baada ya mgao yana rangi ya chai, usidhani ni kutu tu.

Kisha kuna choo chenyewe. Wataalamu wa usafi hushauri kwamba chini ya choo cha shimo kuwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, na shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Sasa nenda bondeni mwezi wa Aprili uchimbe shimo la kupanda mgomba. Utakuta maji kabla hujatoka jasho. Choo kilichochimbwa mahali kama hapo kimeungana na kila kisima cha jirani, hata kama juu kina mlango mzuri wa mabati na kufuli. Na upande wa mashariki wa jiji, kule Embakasi na mitaa inayopakana nayo, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukishiba maji haunywi tena. Shimo la kunyonya maji taka likichimbwa katika udongo huo hujaa, na uchafu hurudi bafuni.

Sijataja kuta zinazonyonya unyevu na kuota kuvu, ambazo humkosesha usingizi mtoto mwenye pumu. Sijataja mkojo wa panya katika maji ya mafuriko, unaoweza kumletea mtu mwenye kidonda mguuni homa kali na kuharibu figo na maini. Wala sijataja masanduku ya umeme ambayo mafundi hupenda kuyaweka chini kabisa, karibu na ngazi, mahali ambapo maji hufika mwanzo.

Hayo yote si mapya kwa mji huu. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli, na jina lenyewe linatokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi. Wahandisi wa reli walipapenda kwa kuwa ni tambarare kabla ya reli kuanza kupanda milima. Madaktari hawakupapenda, kwa sababu palikuwa na kinamasi na maji hayakuwa na pa kwenda. Tauni ilipozuka mwaka wa 1902, eneo la maduka lilichomwa moto ili kuua viini. Katika miaka hiyo ya mwanzo madaktari walishauri mji uhamishiwe mahali pa juu, lakini gharama ilionekana kubwa, na ushauri ukawekwa kando. Tumeurithi uamuzi huo pamoja na majengo ya mawe.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Afya ya Umma, iliyotungwa mwaka wa 1921, inampa afisa wa afya uwezo wa kuchukua hatua dhidi ya nyumba yenye unyevu au isiyo na njia nzuri ya maji taka. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza. Sheria ya upangaji wa ardhi ya mwaka wa 2019 inasema mtu asijenge kabla ya kupata idhini ya kaunti, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000 au kufungwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Jengo likimalizika linapaswa kukaguliwa tena na kupewa cheti cha kuruhusu watu kuhamia.

Tazama faini hiyo, msomaji, ukiwa na kalamu mkononi. Jengo la orofa sita lenye vyumba 60 vya kupangisha kwa Sh6,000 kila kimoja huleta Sh360,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hulipa faini yake kwa kodi ya mwezi mmoja na nusu, na pengine hata hiyo hailipi, kwa kuwa anajua kuna njia fupi ya kitu kidogo.

Kuhusu mito, kanuni zinataka nafasi iachwe bila kujengwa kila upande, isiyopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kulingana na upana wa mto. Hapa ndipo penye ujanja. Kanuni zinasema upimaji uanzie pale maji yalipofika katika mafuriko makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa. Mwenye ploti huja na futi yake mwezi wa Januari, mto ukiwa mwembamba kama uzi, akapimia pale maji yalipo siku hiyo. Karatasini ameacha mita zake 6, na mkaguzi anayekuja siku hiyo hiyo ataona ni kweli. Lakini mto wa Mathare wa Januari na ule wa Aprili 2024 ni mito miwili tofauti. Wa pili ulipita juu ya mita zile 6, ukaingia nyumbani na kutoka na watu. Katika mafuriko ya masika ya mwaka huo karibu watu 300 walikufa nchini, na maelfu kwa maelfu wakahama, wengi wao kutoka Mathare na Mukuru. Kipindupindu kiliripotiwa katika kaunti ya Tana River. Hao waliosombwa tuliwahesabu kila jioni kwenye habari. Walioharisha majumbani miezi iliyofuata wako katika vitabu vya zahanati, na hakuna anayeandika kando ya jina la mgonjwa nambari ya ploti anakoishi.

Pale Huruma, usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la orofa lililokuwa karibu na mto liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Baadaye wakuu walieleza kwamba lilikuwa kwenye orodha ya kubomolewa. Sasa jiulize: ikiwa ilijulikana kwamba jengo halifai, mbona wapangaji walikuwa bado wanalipa kodi na kulala humo? Miaka miwili baadaye, Agosti 2018, matingatinga yalibomoa majumba ya kifahari yaliyojengwa kwenye njia za maji hapa jijini, na baadhi ya wenyewe wakalalamika kwamba walikuwa wamepewa idhini zote. Huko Huruma onyo halikumfikia aliyelala ndani. Huku kwa matajiri, ikiwa wasemayo ni kweli, idhini ilitolewa mahali isipostahili. Nashuku kwamba katika hali zote mbili hakuna mtu wa afya aliyekwenda kusimama uwanjani wakati wa mvua.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulitilia mkazo. Siku hizi maombi hutumwa kwa kompyuta, na ni vyema, kwa kuwa foleni zimepungua. Lakini kompyuta haina pua. Ramani iliyochorwa vizuri haionyeshi kwamba uani kuna harufu, wala kwamba ukuta wa jirani una mstari wa matope kifuani. Ploti iliyo bondeni inafaa kutembelewa na afisa wa afya ya umma wakati wa mvua, na ikibidi mwenye nayo angoje hadi mvua inyeshe. Ningependa pia kuona kaunti zikisimamisha vigingi vya zege kando ya mito yetu, kuonyesha maji yalifika wapi mwaka wa 2024, ili mtu asipimie tena kwenye uzi wa Januari. Na umeme na maji visiunganishwe kabla ya cheti cha kuhamia kuonekana. Mwenye nyumba haogopi barua ya onyo. Anaogopa jengo lenye giza ambalo hakuna atakayelipanga.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatapandisha kodi. Sitabisha, yatapandisha kidogo. Hata hivyo mambo kadhaa hayagharimu sana yakifanywa mapema: kuinua mdomo wa tangi la ardhini kupita alama ya mafuriko, kuweka sanduku la umeme juu, kuinua sakafu ya orofa ya chini, kuweka kizuizi kwenye bomba la maji taka ili uchafu usirudi nyuma. Kuyafanya baada ya watu kuhamia ndiko ghali.

Na wapo watakaouliza: je, wale wa vibanda vya mabati, ambao hawajawahi kuona kibali wala kuota juu yake? Hili ni swali zito, na nakiri kwamba kibali hakiwezi kulijibu. Mei 2024 serikali iliamuru watu waondoke kando ya mito, nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru, na familia zikaahidiwa Sh10,000. Kwa fedha hizo mtu hupata chumba mwezi mmoja au miwili, kisha hurudi bondeni, kwa sababu kazi yake iko pale na watoto wanasoma pale. Kumhamisha mtu kutoka kwenye mafuriko na kumwacha alale nje kwenye baridi na mtoto mchanga si afya pia. Kinachoniudhi ni kwamba tingatinga humfikia mwenye kibanda kwa siku chache, na huchukua miaka kumfikia mwenye orofa saba aliyejenga ukuta ndani ya mto na kuyasukuma maji upande wa pili, kwenye vibanda hivyo hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kupanga chumba cha chini katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji. Kilikuwa kimepakwa rangi mpya, samawati, hadi kiunoni, na kutoka hapo kwenda juu kilikuwa na rangi ya zamani. Nilidhani ni urembo. Mvua ya kwanza ilipokuja nilielewa kwa nini rangi mpya iliishia pale. Mwenye nyumba alinieleza bila haya kwamba nilipaswa kuuliza.

Basi wewe uliza. Kabla ya kulipa kodi ya kwanza, mwombe mlinzi au mwenye nyumba akuonyeshe cheti cha kuhamia, na usikubali kuambiwa kiko kwa wakili. Fungua mfuniko wa tangi la ardhini, utazame liko umbali gani na shimo la maji taka. Kagua nyuma ya milango na ndani ya kabati za jikoni, maana huko rangi mpya haifiki. Muulize mwenye kioski cha mtaa maji yalifika wapi mwaka wa 2024, kwani yeye hana nyumba ya kukukodishia. Na ikiwa tayari unaishi mahali penye kasoro, iandikie barua ofisi ya afya ya umma iliyo karibu nawe, utaje nambari ya ploti na utakayo yafanywe, kisha uweke nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Fanya hivyo sasa kabla ya mawingu kukusanyika. Ikifika Aprili, maafisa wote watakuwa katika kambi za waliohama, wakigawa dawa ya kutibu maji.