Watu wa Kiasi na Wapitao Kiasi

Kila itendekapo shari kwa jina la dini au la chama, twasikia neno moja: "Hao si wenzetu." Mkristo hulisema juu ya Mkristo aliyeua, Mwislamu juu ya Mwislamu, mwanachama juu ya mwanachama. Kisha msemaji hujikung'uta mavumbi akaenda zake. Sisi twalikataa neno hilo. Si kwamba ni uongo wote, maana watu wa kiasi na wapitao kiasi hawalingani. Lakini hutamkwa jioni, kazi imekwisha kutendeka, nalo lingefaa kunenwa asubuhi.

Wako na wengine wakosao kwa upande wa pili. Hao husema kwamba mtu wa kiasi ni mkali aliyelala tu, na kwamba hapana tofauti baina yao. Hao nao twawapinga, wala hatutaki kuwapinga kwa maneno matupu. Na tuitazame Rwanda, jirani yetu, mwaka 1994, ambako wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa.

Katika nchi ile kilikuwako chama kiitwacho MDR, kilichoanza mwaka 1991 kuupinga utawala wa Rais Habyarimana. Mwaka 1993 kikapasuka, na upande mmoja ukashika jina la Hutu Power, yaani nguvu ya Wahutu. Ndani ya chama hicho walikuwamo walimu wawili. Wa kwanza ni Bibi Agathe Uwilingiyimana, aliyefundisha elimu ya kemia. Alipokuwa waziri wa elimu aliiondoa desturi ya kugawa nafasi za shule kwa hesabu ya kabila, akataka mtoto aingie kwa kufaulu kwake. Mwezi wa Julai 1993 akawa Waziri Mkuu. Wa pili ni Jean-Paul Akayesu, mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, kisha mkuu wa komini ya Taba katika jimbo la Gitarama.

Rais alipouawa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, Bibi Agathe alitaka kwenda kwenye redio kusema na taifa. Hakufika. Asubuhi ya tarehe 7 askari wa serikali walimwua, na mumewe pamoja naye. Mwenyewe alikuwa Mhutu. Basi mtuambie, enyi msemao kwamba mtu wa kiasi hana kazi: mbona walifanya haraka kumwendea huyu? Wapitao kiasi waijua nguvu ya sauti ya namna ile kuliko tuijuavyo sisi.

Ya Akayesu yalichunguzwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha. Ikaonekana kwamba siku zile za kwanza alijaribu kuwazuia wauaji, na Taba haikuwa kama sehemu nyingine. Tarehe 18 Aprili ulifanyika mkutano wa viongozi, pamoja na wakuu wa serikali mpya. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Siku ya pili yake alisimama mbele ya watu akawahimiza kumwangamiza adui, nao walielewa kwamba maana yake ni Watutsi. Kizuizi kikaondoka, damu ikamwagika. Mwezi wa Septemba 1998 alikutwa na hatia ya mauaji ya kimbari, wa kwanza duniani kuhukumiwa na mahakama ya mataifa kwa kosa hilo, akafungwa maisha.

Siku zile chache za Taba ndizo jibu letu kwa pande zote mbili. Mtu wa kiasi alikuwa mlango. Ulipofungwa, wauaji walikaa nje, ulipofunguliwa, waliingia. Hakuwa mkali aliyelala, wala hakuwa mtazamaji.

Lakini silaha nyingine hazikuchongwa na wakali. Kitambulisho chenye jina la kabila kilianza katika miaka ya 1930, zamani za Wabelgiji, kikabaki baada ya uhuru wa 1962. Kiliandikwa na makarani wapole, wenye mwandiko mzuri, wengi wao wakisali Jumapili. Na shuleni mwalimu alikuwa akiwaambia watoto: wasimame Wahutu, wasimame Watutsi, akahesabu, akajaza daftari. Siku ile darasani hapakuwa na panga. Mwaka 1994 vizuizi viliwekwa njiani, na kitambulisho kile kile kikasomwa ili kujua nani afe. Je, karani aweza kusema, "Hao si wenzangu"? Walisoma mwandiko wake.

Tena twamkumbuka Gamalieli katika Matendo ya Mitume. Alisimama katika baraza la watu wake mwenyewe, akawashauri wasiwaue Mitume, na Mitume wakaishi. Hilo twalisifu sana. Walakini Stefano alipopigwa mawe hatusomi popote kwamba Gamalieli alinena, na aliyelinda nguo za wale wapiga mawe alikuwa Sauli, mwanafunzi wake.

Tunajua tutakavyojibiwa. Watasema kwamba kumkemea mwenzio hadharani ni kuvunja umoja, na kwamba wageni watatucheka. Tunauliza: umoja gani? MDR ilikuwa na watu walionyamaza kwa ajili ya umoja, na chama hakikupona. Kimevunjwa mwaka 2003. Na habari ya kuchekwa ni ndogo mno mbele ya makaburi ya Ntarama na Nyamata, ambako watu walikimbilia kanisani wakauawa humo humo.

Kumshutumu mkali wa dini ya jirani ni rahisi, wala hakuna faida, yeye hatusikilizi. Wa kwetu hutusikiliza, angaa mwanzoni, kwa kuwa ataka tumpe viti vyetu na majina yetu. Basi na anyimwe wakati huo, barazani, mbele ya watu. Na mwalimu akiletewa daftari lenye safu ya kabila, aulize ni ya kazi gani, kabla hajachovya kalamu.