Batri ya chumvi inakuja, na sisi wa Kolwezi?

Bandugu wachimbaji, na nyinyi bamama munaosafisha mawe, kuna habari ya China ambayo inatugusa. Mwezi wa nne 2025 kampuni CATL ilitangaza batri yake ya sodiamu, Naxtra. Sodiamu ni ile ya chumvi ya jikoni. Na CATL haiko mgeni hapa: iko na sehemu katika mgodi wa Kisanfu.

Shida ya batri hizo ilikuwa katodi, upande unaotunza sodiamu. Chembe za sodiamu ni kubwa kuliko za lithiamu. Zikiingia na kutoka kila siku katodi inavimba, inapasuka, batri inachoka mapema. Zingine zinaharibika zikipata unyevu wa hewa. Ndiyo maana wataalamu banachanganya chuma na manganizi, banaongeza nikeli, magnezi ao titani kidogo ili katodi ishike. Kobalti hawaitaki, bei yake inawachosha.

Tena kuna neno linatuuma zaidi. Ndani ya batri ya lithiamu muko karatasi nyembamba ya shaba. Batri ya sodiamu inaweza kutumia alumini pande zote mbili. (Shaba haitakufa, nyaya na mota zinaihitaji. Hapo hatuogopi.)

Kinshasa ilifunga kobalti isitoke inchini tarehe 22 mwezi wa pili 2025. Kisha, mwezi wa kumi, ikaweka kota: tani 96 600 kwa mwaka 2026. Bei ilipanda, na sisi tulifurahi. Lakini bei ikipanda, mwenye kutengeneza batri naye anakimbia kobalti mbio zaidi. Batri za lithiamu na chuma zilishaikimbia zamani. Kota inatupa muda tu.

Muda huo una makuta ndani yake. Kobalti ni madini ya kimkakati, redevansi yake ni 10%. Sheria ya 2018 inagawa hiyo redevansi: 25% kwa jimbo, 15% kwa miji, makomini na masekta yenye mgodi, 10% kwa mfuko wa vizazi vya kesho. Kampuni nazo zinatoa 0,3% ya mauzo kwa wakaaji wa karibu na mgodi. Hiyo ndiyo ingefundisha mutoto wa Kasulo umeme, mekaniki, ao kulima vizuri, mbele kobalti haijashuka tena.

Basi tunaomba jambo moja. Baburugumestre wa Dilala na Manika, na bakubwa wa masekta, babandike hesabu ya ile 15% kwenye ukuta wa biro, kila miezi mitatu, kwa Kiswahili: ngapi iliingia, ngapi ilitoka, ilijenga nini.