Wakili Asiyeijua Seva Atatetea Kura ya Nani?

Mwaka wa 1988, katika uteuzi wa chama tawala, wananchi walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, na katika sehemu nyingi mwenye mlolongo mfupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Dhuluma ile ilikuwa chungu, lakini haikuweza kufichika. Kila aliyekuwapo uwanjani aliiona, na hata mzee asiyejua kusoma aliweza kuitolea ushahidi. Leo mpiga kura hutambuliwa kwa alama ya kidole, na picha ya fomu ya matokeo husafirishwa kwa mitambo hadi Nairobi. Hila ikitendeka huko, itatendeka mahali ambapo jicho la mwananchi halifiki. Shahidi wa zama hizi hana budi kuwa na ujuzi, na wakili atakayemhoji hana budi kujua la kumwuliza.

Ndiyo sababu natoa hoja hii bila kuzungukazunguka: somo la sheria na sera za teknolojia lifanywe la lazima katika kila chuo kinachofundisha sheria nchini Kenya.

Wananchi wenzangu, sisi wa Kitui na Makueni tunajua maana ya mwalimu wa sheria. Daktari Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, aliwekwa kizuizini mwaka wa 1982 akiwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 2011 akawa Jaji Mkuu. Profesa Kivutha Kibwana, aliyepata kuwa mkuu wa kitivo hicho hicho cha sheria, alikuwa miongoni mwa waliouongoza mwito wa mageuzi ya katiba mwaka wa 1997, na baadaye akawa gavana wa Makueni kuanzia 2013 hadi 2022. Katika zama zao, elimu iliyohitajika kumkabili mtawala ilikuwa elimu ya katiba. Elimu hiyo ingali inahitajika, ila sasa mamlaka yamehamia pia ndani ya mitambo, na elimu ya wakili haijayafuata huko.

Tutazame ushahidi. Tarehe 28 Agosti 2017 Mahakama ya Juu iliiamuru Tume ya Uchaguzi iwaruhusu walalamishi kuzikagua seva zake. Tume haikuitii amri hiyo ipasavyo. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili, akiwamo Jaji Mkuu David Maraga katika wale wanne, waliubatilisha uchaguzi wa rais. Katika hukumu yao ya kina, kule kukataa kufungua seva kuliihukumu Tume yenyewe. Mficha uchi hazai. Lakini tusisahau kwamba amri ile haikushuka kutoka mbinguni. Ilitolewa kwa sababu kulikuwa na mawakili waliojua la kuomba: kumbukumbu za nani aliingia katika mtambo, saa ngapi, na kwa kibali cha nani.

Mwaka wa 2022 mambo yalikwenda kinyume. Fomu za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani katika tovuti ya Tume, Mahakama ikaagiza ukaguzi wa mitambo, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakayatupilia mbali madai ya udanganyifu. Basi asiseme mtu kwamba elimu hii ni silaha ya chama fulani. Ujuzi ule ule unaofichua wizi ndio unaoweza kuonyesha kwamba wizi haukuwapo, na taifa likalala salama. Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka mfumo wa kupiga kura uwe rahisi, sahihi, salama, wenye uwazi na unaoweza kuthibitishwa. Nani atathibitisha, ikiwa wakili na hakimu wote wawili wanaiogopa kompyuta?

Tena si kura peke yake. Mwaka wa 2019 serikali ilituandikisha kwa ajili ya Huduma Namba. Sheria iliyotumika iliruhusu hata kuchukuliwa kwa vinasaba vyetu na mahali kamili tunapoishi. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walilikataza jambo hilo, wakataka kwanza pawepo kanuni kamili za kulinda habari za raia. Serikali iliposhika njia na kutoa kadi, tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliuona utoaji huo kuwa batili, kwa kuwa haukutanguliwa na tathmini ya madhara inayotakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mradi mzima wa serikali ulikwama kwa kifungu kimoja! Kifungu hicho kingebaki wino kwenye karatasi kama asingekuwapo wakili aliyekisoma na kukielewa.

Sasa tuje hapa kwetu Kambu. Mkulima wa ndengu huuza mavuno yake na kulipwa kwa simu. Mwenye kibanda hukopa kwa simu, na akichelewa kulipa, huenda mkopeshaji akawapigia jamaa na majirani zake ili kumwaibisha. Sheria ya kuwadhibiti wakopeshaji hao ilipitishwa Desemba 2021, kanuni zake zikatoka mwaka wa 2022, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya namna hiyo faini ya shilingi 2,975,000. Kinga ipo. Lakini mwenye kibanda wa Kambu atamwendea wakili yupi, iwapo mawakili wanaoijua kinga hiyo wamejazana katika maghorofa ya Nairobi?

Hata kesi ndogo kabisa katika mahakama ya Makindu yaweza kuangukia hapo. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi chataka ushahidi unaotoka katika kompyuta uandamane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kwa chombo gani. Wakili asiyejua hilo hupeleka karatasi za ujumbe wa simu mikono mitupu, zikapingwa, na mteja mwenye haki akarudi nyumbani ameshindwa.

Orodha ya masomo ya lazima kwa shahada ya sheria ina mikataba, jinai, ardhi, ushahidi, katiba na mengineyo. Sheria ya teknolojia haimo. Vyuo kadhaa hulifundisha kama somo la hiari, na Chuo Kikuu cha Strathmore kina kituo cha utafiti wa fani hiyo tangu 2012. Hongera kwao. Lakini haki ya raia haiwezi kutegemea kama wakili wake alipendelea somo fulani alipokuwa na miaka ishirini.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia hubadilika upesi mno, na kwamba mambo hayo yaachiwe wahandisi. Hoja hiyo haina miguu. Wakili anayemtetea mgonjwa aliyepasuliwa vibaya si daktari, lakini hujifunza kiasi cha kutosha kumhoji daktari. Chombo kitabadilika, maswali hayabadiliki: nani anakimiliki, nani anakikagua, nani atawajibika kikikosea?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, Baraza la Elimu ya Sheria liliingize somo hili katika orodha ya masomo ya lazima, na lifungamanishwe na somo la ushahidi na la katiba. Pili, Chama cha Mawakili kiwafundishe mawakili waliokwisha kuhitimu, na mafunzo hayo yafike Makindu, Wote, Kitui na Mwingi, yasiishie Nairobi. Tatu, wanafunzi wafunzwe kuisoma miswada ya teknolojia na kuiandikia Bunge maoni chini ya kifungu cha 118 cha Katiba, kabla mswada haujawa sheria na kutufunga sote.

Uchaguzi wa 2027 hautawangoja wakuu wa vyuo wamalize vikao vyao. Kizazi kilichotutangulia kilikwenda kizuizini ili kura yetu isihesabiwe kwa mlolongo wa uongo. Sisi hatuombwi kwenda jela. Tunaombwa kusoma, na kuwasomesha watakaosimama mahakamani kwa niaba ya wasio na sauti. Tukishindwa hata na hilo, tutawaambia nini watoto wetu?