Ujuzi Usioandikwa Huzikwa na Mwenye Nao

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuutumia msemo huu tunapozungumzia michango ya jumuiya ndogo ndogo, mfuko wa parokia au hesabu za duka la mtaani. Katika makala hii tunataka kuuelekeza kwenye mali ya aina nyingine, yaani ujuzi. Hoja yetu ni kwamba ujuzi ambao mwenye nao hauandiki wala hauweki wazi huzikwa pamoja naye, na jamii inayozoea maziko ya namna hiyo hubaki ikiuza mawe na kununua vifaa. Ili tusiseme hewani, tumtazame mtu mmoja aliyefariki akiwa kijana, lakini kazi yake haikufa.

Dudley Allen Buck alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 25 Aprili 1927. Alisomea uhandisi wa umeme, akatumikia jeshi la wanamaji huko Washington, kisha mwaka 1950 akajiunga na chuo cha MIT kilichopo Massachusetts. Wakati huo MIT ilikuwa ikijenga kompyuta iitwayo Whirlwind. Kompyuta hiyo ilijaa maelfu ya vali, zile taa za kioo zilizotumika katika redio za zamani. Vali zilikula umeme mwingi, zilitoa joto kali na ziliungua mara kwa mara. Mtu aliyefanya kazi karibu na mtambo kama huo hakuweza kukwepa swali hili: je, hakuna njia ndogo zaidi, baridi zaidi na ya kudumu zaidi?

Jibu la Buck lilikuwa kifaa alichokiita kraiotroni, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya baridi kali. Ili kukielewa, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Kitu chenye tabia hiyo huitwa supakondakta. Baadaye ilifahamika pia kwamba ukikisogezea supakondakta uga wa sumaku wenye nguvu ya kutosha, tabia hiyo hutoweka na ukinzani hurudi. Kwa watu wengi huo ulikuwa udhaifu. Buck aliona kwamba udhaifu huo unaweza kufanya kazi ya swichi.

Alichukua uzi wa metali ya tantalumu wenye unene wa karibu robo milimita, akauzungushia uzi mwembamba zaidi wa niobi, kisha akatumbukiza vyote katika heli ya kimiminika. Umeme ulipopita katika ule uzi wa niobi ulizaa uga wa sumaku, na tantalumu ikapoteza hali yake ya supakondakta: mlango umefungwa. Umeme ulipokatwa, tantalumu ikarudia hali yake: mlango umefunguliwa. Niobi yenyewe haikuathirika, kwa kuwa huvumilia sumaku kubwa kuliko tantalumu. Hivyo mkondo mdogo uliutawala mkondo mkubwa zaidi, na kompyuta nzima imejengwa juu ya milango ya namna hiyo, ndiyo na hapana, ikirudiwa mara nyingi mno. Buck aliombea kifaa hicho hataza mwaka 1955, akakieleza katika makala ya kitaalamu mwaka 1956, na tarehe 29 Aprili 1958 serikali ya Marekani ikampa hataza namba 2,832,897.

Kraiotroni haikuwa kazi yake pekee. Mwaka 1952, katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili, alikuwa amependekeza kuhifadhi taarifa ndani ya fuwele ambazo hubaki na hali yake hata umeme ukikatika. Alibuni pia kumbukumbu inayoulizwa kwa kilichomo badala ya namba ya mahali. Kumbukumbu ya kawaida ni kama masanduku ya posta: unataja namba, unapewa kilichomo. Ile ya Buck ni kama mwalimu anayeuliza darasa zima, "Nani ana kitabu chekundu?", na mwenye nacho ananyosha mkono. Pamoja na mwenzake Kenneth Shoulders, alijaribu kuchora vifaa vidogo mno kwa kutumia miale ya elektroni.

Tarehe 21 Mei 1959 Buck aliugua ghafla na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Kwa hesabu za haraka mtu angesema kazi yake iliishia hapo. Miezi hiyohiyo Jack Kilby na Robert Noyce walikuwa wakiombea hataza saketi unganishi, ambazo hazikuhitaji heli wala baridi kali. Kraiotroni haikuingia sokoni kama ilivyotarajiwa. Lakini hataza nyingine za Buck zilitolewa mwaka 1960 na 1961, mwenyewe akiwa tayari kaburini, kwa sababu maelezo yake yalikuwa yamekamilika kwenye karatasi. Ile kumbukumbu inayoulizwa kwa kilichomo leo imo ndani ya vifaa vinavyoelekeza mawasiliano ya intaneti. Kumbukumbu isiyosahau umeme unapokatika inatengenezwa na kuuzwa. Kuchora kwa miale ya elektroni ni kazi ya kila siku ya wanaoandaa chipu. Na wanaounda kompyuta za kwanta hivi leo wamerudi kwenye baridi kali, na metali wanazotumia ni pamoja na niobi na tantalumu.

Hatusemi kwamba hayo yote yalitoka mkononi mwake. Wengine waliyafikia kwa njia zao, na wengi wameongeza jasho lao. Tunachosema ni kwamba mchango wake haukuhitaji kugunduliwa upya, kwa kuwa aliuandika. Alikuwa na daftari la maabara, aliandika makala, na alisajili hataza.

Hapa tuliangalie neno lenyewe. Wengi wetu tukisikia "hataza" tunafikiria kufuli: mtu amefungia wazo lake ili wengine wasiliguse. Jina la Kizungu la hataza linatokana na Kilatini, na sisi tunaohangaika na vitenzi vya Kilatini kila wiki tunakijua kitenzi patere: kuwa wazi. Hataza ni barua iliyo wazi. Ni mapatano kati ya mbunifu na umma. Umma unamwambia: kwa muda fulani hakuna atakayetengeneza kitu chako bila ridhaa yako, lakini wewe nawe utaeleza kwa maandishi na michoro namna kinavyofanya kazi, kiasi kwamba fundi mwingine wa fani hiyo aweze kukitengeneza. Muda ukiisha, kitu ni cha wote. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, muda huo ulikuwa miaka 17 tangu hataza kutolewa. Tangu mwaka 1975, basi, kraiotroni ni mali ya yeyote anayeweza kusoma.

Katika darasa la maadili tumefundishwa kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitenganisha mambo mawili kuhusu mali. Mtu anaweza kuwa na haki ya kusimamia kitu kama chake, kwa sababu kila mmoja hutunza vizuri zaidi kilicho chake. Lakini kuhusu matumizi, anapaswa kukihesabu kuwa cha wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Hataza ikitumika vema ina sura hiyohiyo: usimamizi ni wa mmoja kwa muda, mafundisho ni ya wote tangu siku ya kuchapishwa.

Kuna watakaotupinga, na wana haki. Watasema hataza hiyohiyo imewahi kuua. Bara letu halijasahau jinsi makampuni 39 ya dawa yalivyoishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria iliyolenga kupunguza bei ya dawa, huku wagonjwa wa UKIMWI wakizikwa kila wiki. Makampuni hayo yaliondoa kesi Aprili 2001, na Novemba mwaka huo mataifa yaliyokutana Doha yalikubaliana kwamba haki za hataza zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Pingamizi hili tunalikubali. Usimamizi unaosahau matumizi ya wote umegeuka dhuluma, na Tomaso angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini kasoro ilikuwa katika kuzuia matumizi, haikuwa katika kuandika. Dawa za bei nafuu ziliweza kutengenezwa na wengine kwa sababu namna ya kuzitengeneza ilijulikana. Kama zingekuwa siri ya mtu mmoja, hata mahakama isingekuwa na cha kufungua.

Sasa turudi kwenye zile nyuzi mbili za Buck. Tantalumu na niobi hupatikana pamoja katika jiwe moja jeusi, nalo ni koltani. Jiwe hilo linachimbwa Rubaya na kwingineko Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa sururu na koleo, na ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Wanalibeba mgongoni katika magunia, wengine hufukiwa na mashimo, na vita inayopiganwa kwa sababu ya utajiri huo imewafukuza maelfu kwa maelfu makwao. Mwaka 1991, katika waraka Centesimus Annus, Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba siku hizi kumiliki maarifa, teknolojia na ustadi hakupungui uzito kuliko kumiliki ardhi. Kivu inatuonyesha maneno hayo yana maana gani. Aliye na jiwe ni maskini, na aliye na maandishi kuhusu jiwe ni tajiri.

Tusiishie kuwalaumu wa mbali. Sisi wenyewe tunazika. Katika parokia moja tuliyopelekwa kwa utume wakati wa likizo, alikuwapo mzee fundi aliyetengeneza mashine ya kukamua alizeti kwa vyuma vya magari mabovu. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kukamua. Alipofariki, mashine ilikaa miezi michache, ikaharibika, na wanawe wakaiuza kwa kilo kama chuma chakavu, kwani hakuna aliyejua alivyokadiria mkazo wa skrubu yake. Mzee hakuwa mchoyo. Hakuna aliyewahi kumketisha na kumwomba aeleze huku mwingine akiandika. Na mafundi wengi wana hofu ya haki kabisa: nikimwonyesha kijana kila kitu, kesho atafungua karakana ng'ambo ya barabara na wateja watanihama. Anayeishi kwa kipato cha siku hiyohiyo hawezi kuambiwa tu agawe. Anahitaji kulindwa, na ndiyo maana mapatano ya hataza yaliwekwa.

Tufanye nini, basi? Kwanza, tusome kilichokwisha kuandikwa. Mamilioni ya hataza za dunia yanaweza kusomwa bure katika hifadhi za mtandaoni, ikiwemo ile ya Shirika la Dunia la Miliki Bunifu. Tena hataza hulinda mahali iliposajiliwa tu. Mbinu iliyosajiliwa Marekani peke yake, fundi wa Singida au Bukavu anaweza kuitumia nchini kwake bila kumdhulumu mtu. Wangapi kati ya vijana wetu wa ufundi wameambiwa jambo hili?

Pili, tuandike kwa Kiswahili. Mafrateri tunapewa miaka ya kusoma, kupanga hoja na kuandika, na waamini ndio wanaotugharimia. Tukienda parokiani tunafundisha nyimbo na katekesi, na tunafanya vema. Tunaweza pia kuketi na mfua chuma, mkunga wa jadi na mjenzi wa mitumbwi, tukaandika anayojua, tukachora, tukamsomea asahihishe, na juu kabisa tukaweka jina lake, si letu. Ikiwa ubunifu wake ni mpya kweli, asihadithie ovyo wala kuchapisha kabla ya kuomba hataza, maana kitu kilichokwisha kutangazwa huweza kupoteza sifa ya upya. Tanzania Bara ombi hilo hupelekwa BRELA.

Tatu, tuache kuheshimu usiri kana kwamba ndio ustadi. Huwa tunamsifu fundi tukisema, "Huyo siri yake haijui mtu." Hiyo si sifa, ni tangazo la msiba unaokuja. Buck aliishi miaka 32, na bado mtu aliyezaliwa miaka arobaini baada ya kifo chake anaweza kufungua kurasa zake na kuendelea pale alipoishia. Wako wazee wetu wa miaka 80 ambao tukiwazika kesho hatutakuwa na ukurasa hata mmoja wa kufungua. Ndugu wasomaji, daftari ni bei ndogo. Tuwaendee wakiwa hai.